Magoti yanauma, koti linapanda: mvae nini mkijifunza na mkishindana dansi ya ukumbini

"Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunajifunza dansi ya ukumbini tangu mwezi wa nne, mara mbili kwa wiki, kwenye ukumbi wa vigae hapa Mombasa. Mwalimu wetu anataka mwezi wa kumi na mbili tukashindane Nairobi, daraja la wanaoanza: waltzi, tango na rumba. Mimi hucheza na raba kwa sababu viatu vyangu vya harusi vinateleza, lakini sasa goti la kulia linaniuma nikigeuka. Mume wangu amejaribu suti yake ya harusi. Akinishika tu, koti linapanda mpaka masikioni. Nimeona kwenye simu magauni yanayouzwa Ulaya, bei yake ni karo ya watoto ya muhula mzima. Tena mimi hujisitiri, navaa mtandio na mikono mirefu. Nisipovaa kama wale nitanyimwa alama? Tuanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako yanaonekana mengi, lakini yote yametoka shina moja. Viatu na nguo mlizo nazo zilikatwa kwa mtu anayetembea, anayesimama kupigwa picha, anayeketi kula pilau. Nyinyi mnazunguka, mnarudi kinyumenyume, na mikono mmeiinua muda wote wa wimbo bila kuishusha. Kazi ya mwili imebadilika, nguo zimebaki zilezile. Nitaanza chini kabisa, kwenye unyayo, kwa sababu huko ndiko kwenye maumivu, na shilingi yenu ya kwanza iende huko.

Raba uziache leo. Soli yake imetengenezwa ing'ang'anie ardhi ili mtu anayekimbia asianguke. Sasa fikiria robo ya mzunguko kwenye waltzi: kiuno kinageuka, paja linafuata, lakini kiatu kimeshaganda kwenye kigae na mguu kuanzia goti kushuka chini hauendi popote. Ule mgeuko lazima uishie mahali, na unaishia gotini. Goti ni kiungo cha kukunja na kunyoosha, kama bawaba ya mlango. Kusokotwa kunaivuta ile gegedu ya ndani na kano za pembeni, na hizo hazikuumbiwa kazi hiyo. Mara moja si neno. Wewe umefanya hivyo mara kadhaa kila wimbo, jioni mbili kila wiki, tangu mwezi wa nne.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, simama jikoni na raba zako, shika meza, uzito wote uwe mbele ya unyayo wa kulia, kisha geuza mwili polepole. Sikiliza ni wapi mgeuko unapokwama. Halafu vua raba, vaa soksi, usiachie meza, fanya vilevile. Mara ya pili mguu mzima utageuka pamoja na wewe, kidole, goti na nyonga vikitazama upande mmoja. Kiatu cha dansi kinafanya kazi hiyo, ila hakikuachi uanguke kama soksi.

Ukiacha raba na maumivu yasipungue ndani ya wiki mbili, au goti likivimba, likikwama usiweze kulinyoosha, au likilegea ghafla unaposhuka ngazi, usinisubiri mimi wala mwalimu wako. Nenda kwa daktari alishike, alikunje, alitazame. Goti halipimwi kwa kusoma maandishi. Na mpaka atakapokuambia, fanya mazoezi ya mikono na ya kusikiliza muziki, mizunguko iache.

Viatu vya harusi navyo vina kosa la upande wa pili. Soli yake ni plastiki ngumu iliyosuguliwa, na kigae nacho kimesuguliwa. Vitu viwili laini vikikutana hakuna wa kumshika mwenzake. Unachokitafuta kiko katikati, na ndiyo maana viatu vya dansi vina soli ya swedi, ile ngozi yenye vinyweleo vifupi kama mahameli. Vinyweleo vile hushika ukisukuma na huachia ukizunguka, na muhimu zaidi, hufanya hivyo kwa kiasi kilekile kila mara, hivyo mwili unazoea na kuamini. Vikijaa vumbi na nta ya sakafu hulala chini, soli ikaanza kung'aa na kuteleza. Dawa yake ni brashi ndogo ya nyaya: unaisugua soli mpaka vinyweleo visimame tena. Na viatu hivi havivaliwi nje hata hatua tano kutoka kwenye tuktuk hadi mlangoni.

Kuna tofauti nyingine ambayo mtu haioni mpaka aambiwe. Visigino vya viatu vya harusi hukaa nyuma kabisa, vikikusukuma vidoleni. Kwenye kiatu cha dansi kisigino kimeingizwa ndani kidogo, chini ya mfupa wenyewe, na ndani ya soli kuna utepe wa chuma unaoshika sehemu ya katikati isijipinde, huku mbele ikibaki laini ili mguu uweze kukunjika. Wanawake wanaoshindana waltzi na tango huvaa kiatu kilichofunikwa vidole, kisigino cha sentimita 5 hadi 6.5. Cha rumba na wenzake wa Kilatini ni kiatu cha wazi cha gidamu, sentimita 6 hadi 7.5. Wewe bado hujafika huko. Anza na sentimita 4 au 5, kisigino kipana, chenye mkanda wa kuzunguka kifundo. Wanaume huvaa kisigino cha sentimita 2.5 hivi kwa waltzi na tango, na kirefu zaidi, karibu sentimita 4, kwa Kilatini, ili uzito uegemee mbele. Kwa daraja lenu bwana wako anaweza kucheza dansi zote tatu na jozi moja ya kisigino kifupi. Wewe ukipata pesa ya jozi moja tu, chukua ya kufunika vidole. Bwana wako naye anajifunza, na vidole vyako ndivyo vilivyo mbele yake.

Jaribu viatu jioni, baada ya kutwa nzima ya joto letu, maana miguu huwa imevimba, na ndiyo saa mnayochezea. Kikushike kama soksi bila kufa ganzi. Kikiwa na nafasi ya kidole nyuma, mguu utateleza ndani kwa ndani, na wewe utadhani ni sakafu. Vidole vikifa ganzi kila mara, badilisha kiatu. Na kama wewe au bwana wako ana kisukari, lengelenge lolote lionwe na muuguzi mapema, lisiachwe lipone lenyewe.

Najua utaniuliza bei. Viatu vya dansi vya kuagizwa si rahisi, lakini hata hivyo ni sehemu ndogo ya bei ya yale magauni uliyoyaona, na ndivyo vitu pekee kwenye orodha hii ambavyo siwezi kukwambia uvikose. Kama kweli hapana, ipo njia ya hapa nyumbani. Nenda Kongowea kwenye mitumba, utafute kiatu cha ngozi halisi, kisigino kipana kisichozidi sentimita 5, chenye mkanda. Kikamate kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukikunje. Kikikunjika mbele, penye vidole, kinafaa. Kikikunjika katikati kama chapati, kirudishe. Kisha mpelekee fundi viatu abandue soli ya raba na abandike ngozi ya swedi yenye unene wa milimita mbili hivi, vinyweleo vikitazama chini, pamoja na kipande kingine kwenye kisigino. Wanaoshona makubadhi hapa pwani wanaijua ngozi. Wakielezwa vizuri hawakosei. Nimewaona wanafunzi wakicheza mwaka mzima na viatu vya namna hii. Siwezi kukushauri ukifanyie hivyo kiatu cha kisigino kirefu, maana hapo ule utepe wa chuma na mahali pa kisigino vinaanza kuamua kama kifundo chako kitabaki kizima.

Mombasa ina mambo yake pia. Wakati wa mvua za masika, hewa nzito ya bahari ikikutana na kigae cha baridi, sakafu hutoa jasho. Huioni, lakini swedi inainywa na kuanza kushika kama raba. Futeni sakafu kwa kitambaa kikavu kabla ya somo, na mkizoea kuja na taulo la zamani hakuna atakayewacheka. Wapo wanaomwaga poda chini ili wateleze; msikubali, maana anayekuja nyuma hajui kama imemwagwa. Viatu vikae kwenye mfuko wa kitambaa, visifungiwe kwenye karatasi ya nailoni, la sivyo wiki mbili tu utakuta ukungu wa kijani. Na viatu vya bwana wako vikiwa vya ngozi ya kung'aa, vile vinavyogandana miguu ikipishana, tone moja la mafuta ya mbarika lililopakwa ubavuni kwa kitambaa linamaliza tatizo.

Sasa koti, na hapa naomba univumilie kidogo kwa sababu ndipo ninapopapenda.

Litandaze lile koti la harusi mezani, utazame pale mkono unapoungana na ubavu. Kwenye suti ya dukani tundu la mkono limeshuka chini, ili koti limwingie kila mtu. Bwana wako akiinua viwiko kukushika, mkono wa koti unahitaji urefu zaidi chini ya kwapa. Haupo. Basi kitambaa kinaukopa ubavuni: ubavu wote unapanda, bega linavimba, kola inaachana na shingo, na kutoka mbali anaonekana mtu asiye na shingo kabisa. Majaji wanatazama mstari wa mabega kabla hawajatazama miguu, na yeye hapo hajakosea hatua hata moja.

Fundi wa kanzu alishalimaliza tatizo hili zamani. Chukua kanzu iliyoshonwa vizuri, ingiza mkono chini ya kwapa, utakigusa kile kipande kidogo tunachokiita kikwapa. Ndicho kinachomwezesha mtu kuinua mikono hadi masikioni kwenye takbira bila kanzu yote kumfuata juu. Kinatoa urefu pale pale unapohitajika. Mafundi wa makoti ya dansi wanafika mahali hapo kwa njia nyingine kidogo: wanalikata tundu la mkono juu sana, karibu kabisa na kwapa, kisha wanampima mtu akiwa ameinua mikono kama ameshika mwenziwe. Matokeo yake, akishusha mikono koti huonekana limejaa mabegani, na wateja wengi hulirudisha wakidhani limeharibika. Halijaharibika. Limeshonwa kwa zile dakika ambazo mikono iko juu.

Lile koti jeusi lenye mikia unaloliona kwenye mashindano makubwa, pamoja na kizibao cheupe na tai nyeupe ya kipepeo, lilikuwa vazi la kawaida la jioni la waungwana wa Ulaya enzi dansi hii ilipokuwa ikipangiwa sheria. Tamasha la Blackpool, Uingereza, lilianza 1920, na mavazi ya wakati ule ndiyo yaliyoganda kwenye waltzi mpaka leo. Bwana wako halihitaji. Kwa daraja la wanaoanza mashindano mengi hukubali, na mengine hutaka hasa, suruali nyeusi, shati jeupe na tai. Mimi ningemwongezea kizibao cheusi. Hakina mikono, kwa hiyo hakina cha kupanda. Kinambana kiunoni na kuonyesha mgongo wake ulivyonyooka. Mwambie fundi akishushe kifunike kabisa mahali shati linapokutana na suruali, maana mikono ikiinuka, shati nalo linataka kutoka. Shati litiwe vikwapa, na chini lishonewe ukanda wa mpira unaobana kiunoni ndani ya suruali. Mshipi wenye bizimu ya chuma auache nyumbani. Kwenye waltzi mnagusana sehemu ya mbele upande wa kulia, na ile bizimu itakukwaruza wewe na kuchana kitambaa chako. Suruali ishikwe na mikanda ya mabegani chini ya kizibao, mifuko iwe mitupu, hata simu.

Pesa ya koti mtakayoiokoa hapo inatosha gauni lako, na gauni lako litashonwa hapa hapa. Nimelitafakari hili sana kabla ya kukujibu, kwa sababu wapo wenzangu wanaosema bila la Ulaya huwezi kuonekana. Mimi nasema mji huu una mafundi, una vitambaa, na haukuanza jana kushindana kwa mavazi. Bibi zetu wa lelemama walipangana kwa sare na mapambo, chama kwa chama, na mji mzima ukijua nani kapendeza. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza fundi gauni la dansi linafanya kazi gani. Basi mweleze hivi.

Gauni la waltzi lina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Juu, kuanzia shingo hadi nyonga, linabana na kunyumbuka. Kitambaa kiwe cha kuvutika pande zote, chenye laikra ndani. Chini linamwagika. Ndani yake linashonewa vazi la mwili kama la kuogelea, likiungana na gauni, ili juu kusipande mikono inapoinuka. Tatizo ni lile lile la koti. Sketi ikatwe duara. Mpe fundi hesabu hii: ukiwa na kiuno cha sentimita 76 na sketi ya urefu wa sentimita 90, duara kamili litakupa pindo la zaidi ya mita 6. Kwa kitambaa cha upana wa mita moja na nusu, nusuduara mbili zinakula mita 4 na kidogo kwa tabaka moja. Mtaa wa Biashara utapata shifoni ya rangi yoyote ya kuweka juu yake. Akitaka upana zaidi chini tu bila kuongeza kiunoni, atie vipande vya pembetatu. Fundi wa kanzu ataelewa ukimwambia "kama taharizi".

Mambo mawili hapa huharibu magauni mazuri. La kwanza, sketi ya duara ina sehemu zilizokatwa mshazari, na mshazari hurefuka kwa uzito wake wenyewe. Itundikwe siku mbili nzima kabla ya kupindwa, kisha ipimwe kutoka sakafuni ukiwa umevaa viatu vyako vya dansi. Fundi akipinda siku hiyo hiyo, baada ya wiki upande mmoja utakuwa umeshuka chini. La pili ni urefu. Usiruhusu pindo liguse sakafu. Wewe ndiye unayerudi nyuma muda mwingi, na kisigino chako kinashuka juu ya chochote kilichoburuta. Niliwahi kumshonea mwanafunzi gauni refu mpaka chini kwa sababu alilitaka kama la bibi harusi, nami nikakubali kinyume cha nijuavyo. Kwenye mzunguko wa tatu kisigino kiliingia kwenye shifoni, akakaa chini katikati ya ukumbi. Kifundo kilimchukua wiki sita. Tangu siku hiyo hakuna pindo linalotoka mikononi mwangu chini ya kifundo cha mguu.

Na lile pindo linaloelea kama wimbi, ambalo watu wanadhani lina siri ya Ulaya, ni uzi mgumu wa nailoni ulioshonewa ndani ya ukingo. Hapa Mombasa uzi huo unauzwa kwa wavuvi. Mshipi wa kuvulia samaki, wa unene wa wastani, fundi akiukunja ndani ya pindo jembamba la zigizaga huku akivuta kitambaa kidogo, shifoni itasimama na kucheza kila ukigeuka. Mpe kipande cha kujaribia kwanza, maana mshipi mnene sana hukata uzi wa cherehani.

Mawe ya kung'aa, kama yataruhusiwa, yawe machache, na yasiwekwe popote mnapogusana: mbavu zako za mbele upande wa kulia, bega lako la nyuma upande wa kushoto anapoweka mkono, na upande wa chini wa mkono wako wa kushoto unaolala juu ya mkono wake. Lakini soma sheria kabla hujanunua hata moja. Daraja la wanaoanza mara nyingi linakataza mapambo kabisa, na ni sheria nzuri, kwa sababu inawaacha wanaojifunza wapimwe kwa miguu yao. Kwa watoto Shirikisho la Dunia la dansi hii linapanga hata urefu wa kisigino: wasichana wadogo wasizidi sentimita 3.5.

Kuhusu kujisitiri, sikiliza vizuri, maana nahisi hili ndilo lililokunyima usingizi. Katika mfumo wa majaji wa shirikisho hilo vinapimwa vitu vinne: ubora wa ufundi, mwendo kulingana na muziki, ustadi wa wawili kushirikiana, na mpangilio pamoja na uwasilishaji. Nguo haina alama yake peke yake. Gauni la waltzi kwa asili lina sketi ndefu, na mikono mirefu ni ya kawaida tangu zamani, kwa hiyo shingo ya juu, mikono mpaka kiganjani na suruali ya kubana ndani yake havitakupunguzia kitu. Pale wenzako wanapotia wavu wa rangi ya ngozi, wewe mwambie fundi atie kitambaa kizito cha rangi ya gauni. Kitakuwa na joto zaidi, hilo sikufichi.

Mtandio ndio unaohitaji akili. Ncha inayoning'inia itampiga bwana wako usoni kwenye kila mzunguko, na ikinaswa chini ya mkono wake itakuvuta shingo. Tumia ule wa kitambaa cha jezi laini unaovutika, uingie ndani ya kola, ushikwe kwa mshono wala si kwa pini yenye kichwa. Kichwa chako kwenye waltzi kinaelekea kushoto na juu. Uvae, kaa mkao huo mbele ya kioo, geuka, uone kama masikio yanasikia muziki sawasawa. Na waandikieni waandaaji sasa hivi, si mwezi wa kumi na moja, mueleze utakavyovaa na muombe jibu la maandishi. Siku ya shindano mtaenda nalo.

Rumba ndiyo ngumu kidogo, kwa sababu jaji anataka kuona kiuno. Wewe ni mtu wa Mombasa, umewaona wanaocheza chakacha. Kwa nini wanafunga leso nyongani? Ile leso inakuza kila mtikisiko, na wakati huo huo imefunika. Fanya vivyo hivyo: sketi ya kufika chini ya magoti juu ya suruali ya kubana, na safu ya matamvua marefu iliyoshonwa mshazari kutoka nyonga hadi nyonga, kama sheria zinaruhusu. Tamvua linaufuata mwili likichelewa kidogo na linatulia baada yake, kwa hiyo mwendo mdogo unaonekana mkubwa. Ila kiuno cha rumba hakitikiswi kama cha chakacha. Kinatoka chini, goti likinyooka na uzito ukihama. Kwenye mazoezi funga leso vivyo hivyo, mwalimu ataona mara moja kama kiuno kinaongozwa na mguu au unakisukuma mwenyewe.

Mavazi ya mazoezini hayana mengi. Dera na buibui pana vinakuficha magoti mwalimu asiweze kukusahihisha, tena pindo lake ni mtego. Vaa sketi ya kufika katikati ya muundi juu ya suruali, na fulana ya mikono ya kubana. Mikono mipana kama ya kaftani itanasa vidole vya mwenzio. Pete zenye kito, saa na bangili zibaki nyumbani. Pamba tupu ikilowa jasho huwa nzito na inaganda mwilini, kwa hiyo tafuta mchanganyiko mwepesi unaokauka haraka. Bwana wako avae fulana nyepesi ya pamba chini ya shati, hiyo inywe jasho badala ya shati, na aje na shati la pili. Kushikana saa nzima na mtu aliyelowa kunachosha hata wanaopendana.

Ratiba yenu ningeipanga hivi: viatu wiki hii, sheria za shindano wiki ijayo, fundi mwezi wa kumi. Siku ya kupimwa nendeni wote wawili, mkiwa na viatu. Mshikane mbele ya fundi, mikono juu, mzunguke dukani kwake hata kama ni padogo, apime mkiwa hivyo. Fundi anayekataa kukupima ukiwa umeinua mikono, mshukuru utafute mwingine.

Zikiisha, zivaeni na mcheze dansi zote tatu mfululizo, kila moja dakika moja na nusu hadi mbili, bila kurekebisha kitu. Chochote kitakachokufanya upeleke mkono kukivuta kirudishwe kwa fundi. Hasa sikiliza mbavu: Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na nyinyi mapafu yenu yamezoea ufuoni. Gauni linalokubana kidogo hapa litakukaba kule, basi mwambie fundi aache nafasi ya pumzi nzito.

Kule asubuhi na jioni kuna baridi, bebeni sweta za kuvaa mpaka mtakapoitwa, misuli isikakamae. Namba ya mashindano huvaliwa na mwanamume mgongoni, inabanwa pembe zote nne. Nunua pini mpya. Zilizokaa kwenye kabati la Mombasa zina kutu ya chumvi, na kutu kwenye shati jeupe haitoki kwa urahisi. Fikeni ukumbini mapema muijaribu sakafu na viatu vyenu. Ikiwa inateleza kuliko mlivyozoea, sugua soli kwa brashi, kisha kanyaga kidogo kitambaa chenye unyevu, siyo maji, halafu ujaribu tena mzunguko mmoja wa kulia. Goti likinyamaza hapo, mko tayari kuitwa.